Mapato ya Mlangoni: Filamu za Vichekesho, Sikukuu na Kibanda cha Video cha Biryogo

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuandika historia ya bidhaa moja inayouzwa Kigali. Wenzangu walichagua chumvi, vitenge, simu za mkononi na pikipiki. Mimi nilichagua filamu za vichekesho. Mwalimu aliniuliza kicheko kinapimwa kwa kizio gani, kilo au mita, na darasa zima likaangua kicheko ambacho hakikupimwa. Nilijibu kwamba kinapimwa kwa mapato ya mlangoni, yaani fedha wanazolipa watu kabla ya kuingia kutazama. Baadaye niligundua kwamba nilijibu haraka mno, kwa sababu katika mji wetu karibu hakuna aliyeyaandika mapato hayo. Insha hii inaeleza nilivyoyatafuta, nilichokipata, na kosa nililolifanya nilipokuwa nakisoma nilichokipata.

Nianze na mahali ambapo hesabu zipo. Marekani mapato ya kila filamu hutangazwa kila wiki, na kwa miaka mingi wenye sinema wameutegemea msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, shule zinapofungwa. Wanahistoria wengi huutaja mwaka 1975 kuwa mwanzo wa msimu huo kama tunavyoujua. Mwezi Juni mwaka huo filamu ya Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ilifunguliwa katika kumbi zaidi ya 400 kwa mara moja. Jaws ni filamu ya kutisha, lakini vichekesho navyo vilipata nafasi yake katika msimu huo. Ghostbusters ilitoka Juni 1984. Coming to America ya Eddie Murphy, inayohusu mwana wa mfalme wa nchi ya Kiafrika ya kubuni, ilitoka Juni 1988 na kuingiza takriban dola milioni 288 duniani. The Hangover ilitoka Juni 2009 ikiwa imegharimu takriban dola milioni 35, ikaingiza zaidi ya milioni 270 nchini Marekani pekee.

Ukizitazama hesabu hizo kwa makini, unaona kwamba vichekesho havisafiri kwa usawa. Filamu ya Anchorman, iliyotoka Julai 2004, iliingiza dola milioni 85 nyumbani kwao, lakini nchi nyingine zote kwa pamoja ziliiongezea kama milioni tano tu. Utani wake umo katika maneno, na katika mambo ya televisheni ya Marekani ambayo mtu wa nje hayajui. Sasa ichukue filamu ya Bean ya mwaka 1997, ambayo mchekeshaji wake, Rowan Atkinson, husema maneno machache sana. Iliingiza takriban dola milioni 250 duniani, na Marekani ilichangia kama milioni 45 tu katika hizo. Mtu anayeteleza huchekesha kila mahali. Anayesema neno lenye maana mbili huchekesha pale tu neno hilo linapojulikana. Nilipoanza utafiti nilidhani kanuni hiyo inatosha kueleza kila kitu: kwetu watu watanunua vichekesho vya mwili na kuviacha vya maneno. Mambo hayakuwa hivyo.

Kwanza, kwetu msimu wenyewe ni mwingine. Katika pwani ya Waswahili, sinema ilikuwa na msimu wake muda mrefu kabla ya Jaws, na msimu huo uliletwa na mwandamo wa mwezi. Unguja na Dar es Salaam, katikati ya karne iliyopita, siku kuu za wenye kumbi zilikuwa siku za Idd. Watoto walikuwa na fedha za sikukuu mkononi, watu wazima walikuwa na nguo mpya za kuonyesha, na familia nzima zilitoka pamoja. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala, na Awara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, ilipendwa kiasi cha tiketi zake kuangukia mikononi mwa walanguzi. Awara inaliza, lakini pia inachekesha, maana Raj Kapoor aliiga mwendo na mavazi ya Charlie Chaplin. Mtazamaji wa Unguja asiyejua Kihindi alicheka kwa macho na kulia kwa masikio.

Pili, kwetu watu hawakusubiri vichekesho vya wageni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia mjini. Aliyeigiza ni kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Upande wa Kongo, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipitisha mwaka 1945 sheria iliyowazuia Waafrika kutazama filamu zilizoonyeshwa kwa Wazungu, isipokuwa zile zilizoruhusiwa na wakaguzi. Pengo hilo lilijazwa na wamisionari. Padri Albert Van Haelst, kule Kasai, alitengeneza mfululizo wa vichekesho vifupi vya watu wawili, Matamata na Pilipili, kwa mfano wa Laurel na Hardy. Nia ilikuwa kufundisha maadili, lakini watu walikwenda kucheka. Rwanda yetu wakati ule ilitawaliwa pamoja na Kongo hiyo hiyo, kwa kuwa tangu 1925 Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala. Ninalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba swali la nani anaruhusiwa kucheka, na kwa kitu gani, lilianza juzi.

Sasa nirudi Kigali, tena Nyamirambo, katika mtaa wa Biryogo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni miaka mingi kabla Bunge halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Baba yangu mdogo alikuwa na kibanda cha video hapo hadi mwaka 2011. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja, deki moja na spika mbili kubwa kuliko haja. Kiingilio kilikuwa sarafu ya faranga 50. Nilikuwa nimesikia habari za kibanda hicho maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba kilikuwa na daftari.

Nilipomweleza kazi niliyopewa, alicheka kwanza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari la shule lisilo na jalada. "Hili ndilo lililobaki, mwanangu," aliniambia. "Mengine mama yako mdogo ameyafungia karanga." Ni kweli. Mama mdogo anauza karanga mbele ya nyumba, na karatasi za madaftari ya zamani ndizo vifungashio vyake. Daftari lililosalimika linaanza Oktoba 2003 na kuishia mwishoni mwa 2008. Kumbukumbu yangu mwenyewe ya kibanda kile, siku ya Idd ya mwaka 2009 nilipoingizwa humo na kaka zangu nikiwa na miaka sita, imo katika kurasa zilizoliwa pamoja na karanga.

Daftari halina majina ya filamu, lina aina. Baba mdogo aliandika F kwa filamu za fujo na K kwa filamu za kucheka. Filamu za Jackie Chan aliziandikia FK, kwa kuwa alishindwa kuamua. Mbele ya kila herufi alichora mstari mmoja kwa kila watu kumi walioingia. Hayo ndiyo mapato ya mlangoni ya Biryogo, na nilikaa nayo majuma matatu nikihesabu mistari.

Niliona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba siku za kawaida F iliishinda K karibu kila mara. Wateja wa siku za kawaida walikuwa vijana wa kiume, madereva wa pikipiki, wapakuzi na wasio na kazi, nao walitaka ngumi. Laiti ningesimama hapo, ningeandika kwamba vichekesho havikulipa Kigali.

La pili ni kwamba siku za sikukuu hali iligeuka. Siku za Idd, Krismasi na mwaka mpya, K iliongoza, na mistari ilijaa hadi pembeni mwa ukurasa. Siku hizo waliingia wanawake, wasichana na watoto, watu ambao siku nyingine kibanda hakikuwa mahali pao. Nilimuuliza baba mdogo kama alichagua vichekesho kwa sababu ya watoto. Alisema alivichagua kwa sababu ya akina mama. Mama akiona damu kwenye televisheni anaondoka na watoto wake wanne, na mstari wa daftari unapungua karibu nusu.

Hapo nilitaka kuandika kwamba Idd ndiyo iliyoleta soko la vichekesho, kama Unguja. Lakini mwaka 2003 Idd ul-Fitri iliangukia mwishoni mwa Novemba, na likizo ya shule ya mwisho wa mwaka haikuwa mbali. Ningejuaje kama ni Idd au ni likizo? Jibu lilitolewa na mwezi wenyewe. Idd hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, likizo haikurudi. Mwaka 2006 Idd ilikuwa Oktoba 24, mwaka 2008 ilikuwa Oktoba 1. Nikifuata mistari mwaka baada ya mwaka, naona kilima kimoja kikigawanyika kuwa viwili. Kimoja kinaifuata Idd kurudi nyuma, kingine kinabaki Desemba. Kwa hiyo vyote viwili vilikuwa na nguvu, na kilichoviunganisha ni familia kuwa na nafasi ya kutoka pamoja.

La tatu ndilo lililoivunja kanuni yangu ya Bean na Anchorman. Katika Machi 2005 kuna majuma mawili ambayo F haikubadilika lakini K ilianguka kabisa. Nilidhani ni kosa la kuandika. Baba mdogo alikumbuka mara moja: "Nilipoteza sauti. Koo."

Ni lazima nieleze. Filamu karibu zote zilizoonyeshwa katika vibanda vya Kigali zilikuwa na mtu anayezieleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti zake. Filamu za namna hiyo tunaziita agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, kueleza. Uganda wana mavijee wao, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Rwanda aliyevuma kuliko wote ni Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga, ambaye alifariki Afrika Kusini mwaka 2022. Vibanda vikubwa vilinunua kaseti zilizokwisha kuelezwa. Baba mdogo hakuwa na fedha hizo, hivyo alieleza mwenyewe, papo hapo, akiwa na kipaza sauti, akichanganya Kinyarwanda na Kiswahili cha Biryogo.

Tena hakutafsiri. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na anakiri hivyo. Alitazama midomo inavyokwenda akaweka maneno yake. Mzungu aliyeingia hotelini New York alikuwa anatafuta brosheti za mbuzi Nyamirambo. Polisi alikuwa anadai kitambulisho ambacho wote ukumbini walijua ofisi gani inakichelewesha. Jirani mbahili alipewa jina la jirani mbahili wa kweli, ambaye mara nyingine alikuwa amekaa benchi la tatu. Watu waliolipa faranga 50 walilipia maneno ya baba mdogo, na filamu ilikuwa kisingizio tu. Ndiyo maana alipopoteza sauti, wapenda ngumi waliendelea kuja, kwa kuwa ngumi haihitaji maelezo, lakini wapenda vichekesho walibaki nyumbani.

Basi kanuni yangu ilikuwa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba utani wa maneno hausafiri. Lakini Kigali haukuhitaji kusafiri, maana ulitengenezwa hapa hapa na kubandikwa juu ya picha za wengine. Ukiyahesabu mapato ya filamu hizo kama mafanikio ya Hollywood barani Afrika, utakuwa umempa mtu wa mbali mshahara wa mtu wa Biryogo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilipoandika rasimu ya kwanza niliweka sentensi hii: "Aprili ulikuwa msimu mbaya wa biashara kwa vichekesho." Nilikuwa na ushahidi. Katika daftari, kila Aprili kuna kurasa zisizo na mstari hata mmoja, wala F wala K, na herufi K hairudi mara moja hata F inaporudi. Nilimsomea baba mdogo rasimu hiyo jioni moja tukinywa chai. Alipoisikia sentensi hiyo hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa upole, "Wewe ulihesabu mistari ukasahau mwezi?"

Kila Mnyarwanda anajua Aprili 7 ni siku gani. Ndiyo siku tunayoanza kuomboleza waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kwa juma zima burudani husimama nchini, na kipindi cha kumbukumbu huendelea siku mia moja, hadi mwanzoni mwa Julai. Nilijua hayo yote, nimeyafundishwa tangu shule ya msingi, nimewasha mishumaa. Hata hivyo nilipokuwa na daftari mbele yangu nililisoma kama mfanyabiashara, nikaliita ombolezo msimu mbaya.

Jioni hiyo ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kabla ya mama mdogo alikuwa na mke mwingine na mtoto wa kiume. Wote wawili hawakuuona mwezi Mei wa mwaka 1994. Baada ya hapo hakucheka kwa miaka kadhaa, si kwa kuweka nadhiri, ila hakikuja tu. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, rafiki yake aliyekuwa na deki alimwekea kaseti ya Mista Bini. Haikuwa na maelezo wala haikuyahitaji. Alicheka. Kisha akatoka nje akakaa ukutani muda mrefu. "Nilijiona kama nimeiba," aliniambia. Baada ya miezi michache alianza kutafuta mabati ya kujengea kibanda. Nilimuuliza kwa nini, kama kicheko kilimwuma hivyo. Alisema alifikiri kwamba kama yeye amejiona mwizi, basi wako wengine wengi mtaani wanaojizuia, na wakicheka wengi chumba kimoja pengine hakuna atakayejiona mwizi.

Sikuweza kuyahesabu hayo kwa mistari. Lakini yanaeleza kwa nini mtu aliyekuwa anajua kwamba F inalipa zaidi siku za kawaida aliendelea kuweka K kila juma, hata iliposhindwa. Pia yananifanya niielewe vizuri zaidi historia ya filamu nchini kwetu. Filamu ya kwanza iliyoihusisha Rwanda ya baada ya 1994 na kujulikana duniani, 100 Days ya mwaka 2001, iliyotengenezwa na Nick Hughes na Eric Kabera, ilihusu mauaji yenyewe. Tamasha la Filamu la Rwanda lilipoanza mwaka 2005 na kubeba skrini ya kujazwa upepo hadi vijijini, kazi ambayo watu waliipa jina la Hillywood, filamu za aina hiyo zilikuwa na nafasi kubwa. Baadaye waandaaji walipanua wigo, wakaleta visa vya maisha mengine. Nadhani ilikuwa njia ile ile aliyoipita baba mdogo ukutani, ila iliwachukua watu wengi zaidi.

Je, hali ya leo ikoje? Kalenda imebadilika. Baada ya janga la korona, mwaka wa shule wa Rwanda ulihamishwa ukaanza Septemba, na likizo ndefu sasa ni Julai na Agosti, jua linapowaka na vumbi jekundu likipanda. Sasa Kigali ina msimu wa kiangazi unaofanana na ule wa Marekani. Tofauti ni kwamba kiangazi chetu hufunguliwa baada ya siku mia za kumbukumbu kwisha, na anayepanga tamasha la vichekesho huanza hesabu zake hapo. Lakini msimu huo umekuja wakati mlango wenyewe wa kukusanyia mapato haupo tena Biryogo. Vibanda vingi vimefungwa. Walio na fedha huenda kwenye sinema za kisasa, kama ile ya Kigali City Tower. Wengi zaidi hucheka kwenye simu, kwa vichekesho vya Kinyarwanda. Niyitegeka Gratien, aliyependwa katika Seburikoko ya televisheni ya taifa, sasa anatazamwa kama Papa Sava kwenye YouTube, na idadi ya watazamaji inaonekana chini ya kila kipande, kwa yeyote anayetaka kuihesabu. Mwanahistoria wa kesho hatahitaji daftari lililoponea karanga. Ila naye atakuwa na tarakimu zisizosema nani alikaa na nani, na nani alitoka nje kwanza.

Kwa kuhitimisha, nimejaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza, msimu wa vichekesho katika Afrika Mashariki umeletwa na siku ambazo familia huweza kutoka pamoja, ziwe za Idd, za Krismasi au za likizo ya shule, na kinachouzwa siku hizo ni lugha ya wenyeji, hata picha ikiwa ya wageni. La pili, ukurasa mtupu nao ni ushahidi, lakini hausomeki bila kumuuliza aliyeuacha mtupu.

Ile sentensi nimeifuta. Daftari nimelifunga kwa nailoni na kuliweka juu ya kabati langu, baada ya kukubaliana na mama mdogo kwamba nitamletea magazeti ya zamani kila mwisho wa juma kwa ajili ya karanga zake.